Nani Aliyepindua? Neno "Mapinduzi" na Kuanguka kwa Ufalme wa Buganda

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri la mwaka wa pili, tuliwapa wanafunzi aya fupi kuhusu historia ya Ufaransa. Aya yenyewe haikuwa ngumu. Ilieleza jinsi watu wa Paris walivyoivamia ikulu tarehe 10 Agosti 1792, mfalme akawekwa kizuizini, na baada ya wiki sita ufalme ukafutwa. Wengi waliitafsiri vizuri. Sentensi iliyojirudia katika karatasi nyingi ilikuwa hii: "Wananchi wa Ufaransa waliupindua ufalme wao." Kama ilivyo desturi yetu, tukawaomba watunge sentensi nyingine kwa kutumia neno hilo hilo.

Mwanafunzi mmoja kutoka Masaka akaandika ubaoni: "Mwaka 1966 palitokea mapinduzi ya ufalme wa Buganda." Mwenzake kutoka Lira akainua mkono kabla chaki haijawekwa chini. Alisema yale hayakuwa mapinduzi hata kidogo, kwa sababu serikali ya nchi haiwezi kupindua kitu kilicho chini yake. Inatekeleza sheria tu. Wa tatu, kutoka Hoima, akasema kwao Bunyoro habari za Lubiri kushambuliwa hazikumliza kila mtu. Darasa likalipuka. Kwa dakika zote zilizobaki hatukutafsiri neno hata moja, na kengele ilipolia tuliwaahidi wanafunzi wale kwamba tutaliandikia suala lao katika jarida hili. Ndiyo asili ya makala haya.

Tuanze na neno, kwa kuwa ndilo kazi yetu. Mapinduzi ni nomino iliyotokana na kitenzi pindua, nacho kina undugu na pinda. Wanafunzi hupenda kudai kwamba pindua ni kinyume cha pinda, kama vile fungua ilivyo kinyume cha funga. Sivyo. Ukipindua kitu hukinyooshi. Unakigeuza juu chini. Mashua hupinduka, gari hupinduka, na mwenye kupindua mtumbwi huwa na mikono inayoonekana. Tatizo linaanza tunapotoka kwenye kitenzi kwenda kwenye nomino. Kitenzi kinadai mtenda: fulani amepindua. Nomino haimdai. "Mapinduzi yalitokea" ni sentensi timamu kabisa kisarufi, nayo inaweza kusimama miaka hamsini bila mtu kuuliza nani alifanya nini.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kimelibebesha neno hili moja mizigo miwili ambayo lugha nyingine huitenganisha. Umati wa watu unapoinuka na kuubadili utaratibu mzima wa nchi, tunasema mapinduzi. Maafisa kadhaa wa jeshi wanapoteka kituo cha redio alfajiri na kuweka rais mwingine, tunasema pia mapinduzi, pengine tukiongeza "ya kijeshi" tukikumbuka. Hapa Uganda mzigo wa pili ndio tuliouzoea: Januari 1971, Julai 1985. Katika Luganda mtu husema okuwamba, yaani kutwaa kwa nguvu, na kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtu aliyetekwa nyara. Ndiyo maana mara kwa mara tunasahihisha insha zinazosema kwamba Amin "aliteka nyara serikali". Tunaweka alama nyekundu, ingawa wakati mwingine mkono unasita.

Sasa Ufaransa kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyotuletea mjadala. Wengi wetu tulifundishwa kwamba Wafaransa walivamia gereza la Bastille tarehe 14 Julai 1789 na hapo ufalme ukaisha. Haikuwa hivyo. Mfalme Louis wa 16 alibaki kwenye kiti kwa miaka mitatu zaidi. Oktoba 1789 umati, wanawake wakiwa mbele, ulitembea kutoka Paris hadi Versailles kudai mkate na kumrudisha mfalme mjini karibu na watu wake, haukwenda kumwondoa. Katiba ya 1791 ilimtambua. Lakini Juni mwaka huo huo alikuwa amejaribu kutoroka na familia yake, akakamatwa Varennes, na tangu hapo imani ilivunjika. Agosti 1792 wakazi wa mitaa ya Paris, pamoja na askari wa kujitolea kutoka mikoani, waliivamia ikulu ya Tuileries. Baada ya hapo uliitishwa uchaguzi wa Bunge jipya, wanaume karibu wote wakiwa na haki ya kupiga kura, na Bunge hilo ndilo lililofuta ufalme tarehe 21 Septemba 1792. Mfalme aliuawa Januari 1793. Hata hivyo wafalme walirudi mwaka 1814, wakapinduliwa tena 1830 na 1848. Ukweli ni kwamba ufalme wa Ufaransa ulipinduliwa zaidi ya mara moja.

Tunachotaka msomaji akishike ni mpangilio wa hatua: kwanza watu mitaani, kisha kura, kisha sheria ya kufuta. Tafadhali ashike pia kwamba si Wafaransa wote waliokuwa upande mmoja. Machi 1793 wakulima wa Vendée, magharibi mwa nchi, walishika silaha dhidi ya jamhuri, wakitetea makanisa yao na kukataa kuandikishwa jeshini, na wengi wakapigana kwa jina la mfalme. Waliitwa maadui wa wananchi, ilhali walikuwa wananchi. Tutawakumbuka tutakapofika Mengo.

Kabla ya Mengo kuna Unguja, kwa sababu ndiko neno letu lilikopata heshima yake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya uhuru wa Desemba 1963, serikali ya Zanzibar iliangushwa na Sultani Jamshid bin Abdullah akakimbia kwa meli. Aliishi Uingereza miaka mingi, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, akafariki huko mwishoni mwa mwaka 2024. Visiwani neno Mapinduzi huandikwa kwa herufi kubwa. Serikali yenyewe inaitwa Serikali ya Mapinduzi, Baraza la Mapinduzi lipo hadi leo, na tarehe 12 Januari ni sikukuu. Lakini wapo Wazanzibari, hasa waliopoteza ndugu na mali na kukimbilia ng'ambo, wasiokubali kulitumia. Wao husema uvamizi. Hoja yao ni kwamba sauti iliyotangaza ushindi redioni haikuwa ya mtu wa visiwani.

Na hapo Uganda inaingia, kwa njia ambayo wanafunzi wetu wengi hawaijui. Sauti ile ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa nchi yetu, aliyekwenda Pemba kutafuta kazi mwaka 1959 na baadaye kujiita Jemadari Mkuu. Alitangaza kwa Kiswahili, kwa lafudhi iliyowashangaza Waunguja. Kabla ya majira ya masika kwisha, serikali ya Karume ilikuwa imeshamzuia kurudi visiwani. Mwanafunzi wetu wa Lira alipoambiwa kwamba neno analolikataa kwa Buganda lilipigiwa mbiu Unguja na mtu wa kwao, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali zuri: "Kwa hiyo, Mwalimu, mgeni anaweza kuwapindulia wenyeji mfalme wao, halafu yakawa mapinduzi ya wananchi?" Hatukumjibu papo hapo.

Miaka ile wafalme walikuwa wakianguka kote kuzunguka maziwa makuu. Rwanda ilifuta ufalme kwa kura ya maoni mwezi Septemba 1961. Burundi ilimpoteza mfalme wake wa mwisho Novemba 1966, alipopinduliwa na Kapteni Michel Micombero. Katikati ya hayo ndipo lilipo tukio letu. Turudi nyuma hatua chache, maana bila hivyo tarehe 24 Mei 1966 haieleweki.

Mutesa wa Pili alirithi kiti cha baba yake, Daudi Chwa, mwaka 1939 akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Alikuwa mfalme wa nchi ambayo ardhi yake ilikuwa imegawanywa kwa Mkataba wa 1900, machifu na wakubwa wakapata maili zao na wakulima wengi wakajikuta wapangaji. Manung'uniko hayakukosekana. Chama cha Bataka kililalamikia ardhi tangu miaka ya 1920, na sheria ya busuulu na envujjo ilipunguza makali ya kodi za wenye ardhi mwishoni mwa muongo huo. Aliyesoma historia ya Ufaransa atakumbuka usiku wa Agosti 1789 ambapo haki za mabwana zilifutwa. Mwezi Aprili 1949 umati ulikusanyika mbele ya Lubiri. Ulitaka nini? Ulitaka wananchi wawachague machifu wao, Lukiiko iwe na wawakilishi wengi zaidi, na wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe na kuuza mazao bila kuzuiwa. Ombi lilipokataliwa, nyumba za machifu zilichomwa moto na serikali ya kikoloni ikatuma polisi na askari.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo siku ambayo Mengo ilikaribia zaidi kufanana na Paris, nayo haifundishwi vya kutosha. Lakini itazame kwa makini. Umati ule ulikwenda kwa Kabaka kama wale wanawake walivyokwenda Versailles, kumwambia aone. Haukutaka kiti kianguke. Miaka minne baadaye, Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alimfukuza Mutesa nchini na kumpeleka Uingereza. Waganda waliomboleza, wanaume wengine wakaacha ndevu bila kunyoa, na aliporudi Oktoba 1955 alipokewa kwa shangwe kubwa. Chuki yoyote iliyokuwapo dhidi ya Mengo, mkoloni aliifuta kwa amri moja. Tangu hapo, mwenye kumgusa Kabaka alionekana kama Cohen mpya.

Ulipokaribia uhuru, chama cha Kabaka Yekka, maana yake "Kabaka peke yake", kiliungana na UPC ya Milton Obote. Ilikuwa ndoa ya mahitaji. Obote akawa Waziri Mkuu mwaka 1962, na mwaka mmoja baadaye Mutesa akawa Rais wa Uganda. Hapa ndipo penye fundo: mtu mmoja, vyeo viwili. Akiwa Rais alipaswa kuwa wa wote, akiwa Kabaka alikuwa wa Buganda. Fundo likakaza Novemba 1964, wakazi wa Buyaga na Bugangaizi walipopiga kura kurudi Bunyoro. Rais alitakiwa kuiridhia sheria ambayo Kabaka hangeweza kuiridhia. Mwanafunzi wetu wa Hoima anatoka ng'ambo ile ya mpaka, na ndiyo sababu ya maneno yake.

Mambo ya 1966 yalikwenda haraka, nasi tutayapitia haraka hadi Mei. Tarehe 4 Februari, Daudi Ocheng alitoa hoja bungeni kuhusu dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo, akimtaja Kanali Idi Amin, na tuhuma zikamfikia Obote mwenyewe. Tarehe 22 Februari, mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Siku mbili baadaye katiba ya uhuru ilisimamishwa, na mwanzoni mwa Machi Obote akajitwalia madaraka ya Rais. Tarehe 15 Aprili wabunge walipitisha katiba mpya ambayo walikuwa hawajaisoma. Waliambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Tarehe 20 Mei Lukiiko ikajibu kwa azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Jibu hilo, tuseme wazi, lilikuwa la hatari. Kampala iko wapi kama si Buganda?

Machifu waliokuwa mstari wa mbele walikamatwa. Waganda wakafunga barabara kwa magogo na mitaro. Alfajiri ya tarehe 24 Mei jeshi, likiongozwa na Amin, likashambulia Lubiri.

Walinzi wa Kabaka walikuwa wachache na silaha zao zilikuwa duni, lakini walishikilia kwa saa nyingi. Mchana mvua kubwa ikanyesha. Katika mvua ile Mutesa aliruka ukuta, akaumia mgongo, akapata teksi iliyokuwa ikipita njia, akaponyoka. Alifika Burundi kwa kupitia Kongo, kisha London, ambako alifariki Novemba 1969. Nyuma yake ikulu ilichomwa na kuporwa, na ngoma na vifaa vya kifalme vikaharibiwa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na takwimu ndogo iliyotolewa na serikali haijapata kuaminiwa Buganda. Lubiri ikawa kambi ya jeshi, na Bulange, jengo la Lukiiko, likachukuliwa na wizara ya ulinzi.

Kwa karibu mwaka na nusu baada ya hapo, ufalme ulikuwa bado haujafutwa kisheria. Ulifutwa na katiba ya jamhuri ya Septemba 1967, pamoja na falme za Bunyoro, Toro na Ankole na cheo cha Kyabazinga wa Busoga. Buganda ikakatwa kuwa wilaya nne. Na Bunge lililoipitisha katiba hiyo lilikuwa lile lile lililopatikana mwaka 1962, bila uchaguzi mwingine. Wabunge wa Buganda walikuwa wamechaguliwa na Lukiiko, si na wapiga kura moja kwa moja. Hata wafalme ambao hawakuwahi kumpinga Obote waliondoka na maji yale yale.

Sasa linganisha na mpangilio ule wa Paris. Kwetu, jeshi lilitangulia, sheria ikafuata, na kura haikuja. Watu mitaani walikuwepo, lakini walikuwa upande wa pili. Wale waliochimba mitaro barabarani mwezi Mei walikuwa wakulima na vibarua, watu ambao katika vitabu vya mapinduzi hutajwa kwa jina la "umma", na walikuwa wakimtetea mfalme. Ukitaka ndugu zao katika historia ya Ufaransa, usiwatafute Bastille. Watafute Vendée.

Je, hiyo ina maana kwamba hakukuwa na mtu Uganda aliyetaka falme ziondoke? La. Wapo waliozitaka ziondoke, kwa hoja nzito: kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wakubwa wawili, kwamba Buganda ilipendelewa na mkoloni, kwamba mkulima wa Lango au Bugisu hakuwa na mfalme na hakuona kwa nini kodi yake imlishe wa mwingine. Mwanafunzi wetu wa Lira alizitaja zote bila karatasi, na tulimpa haki yake. Lakini hoja hizo hazikupelekwa kwa wananchi wazijibu. Zilipelekwa kwa Amin, naye alizijibu kwa njia aliyoijua, na miaka mitano baadaye akamjibu Obote mwenyewe kwa njia ile ile. Januari 1971 Amin alitwaa nchi, na Aprili mwaka huo mwili wa Mutesa uliletwa ukazikwa Kasubi. Aliyeichoma ikulu ndiye aliyemrudisha marehemu nyumbani, na Kampala ikamshangilia.

Kuna sehemu ya habari hii inayotuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko wenzetu wa idara ya historia, na hatuwezi kuikwepa. Askari walioingia Lubiri walitoka katika jeshi lililorithi lugha ya amri ya zamani, ya King's African Rifles. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Kwa wengi waliokuwa ndani na kando ya kuta zile, Kiswahili kilikuwa sauti ya siku ile.

Uhasama haukuanzia hapo. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa, baba yake Mutesa, alipinga kwa maandishi mwaka 1929, akisema Buganda haikihitaji. Huko nyuma kulikuwa na hofu isiyo ya lugha: kwamba Kiswahili ni daraja la kuiunganisha Uganda na Kenya ya walowezi, na daraja likishajengwa ardhi itapita juu yake. Hofu ile ilikuwa na msingi, maana mipango ya kuziunganisha nchi hizi ilikuwa ikijadiliwa London wakati huo huo. Basi upande wa Mengo Kiswahili kilikuwa na kesi tangu mwanzo. Mwaka 1966 kikapewa bunduki. Mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Miaka ya 1980 malori ya jeshi yakawa yanapita mitaani yakizoa watu, na amri ya askari, "panda gari", ikaingia katika Luganda kama jina la msako wenyewe. Sisi tuliozaliwa miaka ile tuliyajua maneno hayo mawili kabla ya kujua habari, shikamoo au karibu.

Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa katiba iliyorekebishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wetu wapya watapelekwa Mityana, Mukono, Luweero. Watakutana na mzazi ambaye hakatai somo kwa uvivu wala kwa ushamba. Anakataa kwa kuwa ana kumbukumbu. Mwalimu akimwambia mzazi huyo kwamba mwaka 1966 "palitokea mapinduzi", akalitumia neno ambalo Unguja ni la sikukuu na katika vitabu vya Ufaransa ni la ushindi wa wananchi, ameshapoteza mwanafunzi kabla ya somo la pili.

Basi tulitumie neno gani? Tumelijadili kwa wiki kadhaa kwenye chumba cha walimu, tukagawanyika. Mwenzetu mmoja anasema mapinduzi ni mapinduzi, lugha haina machozi. Mwingine angependa tuseme "machafuko ya 1966", neno ambalo sisi hatulikubali hata kidogo, kwa sababu linamficha mtenda kuliko yote: ni kana kwamba hali ya hewa ilichafuka. "Mgogoro" linafaa kwa miezi ya Februari hadi Aprili, wakati watu walikuwa bado wanabishana kwa karatasi. Msimamo wetu ni kwamba matukio haya ni matatu na yanataka vitenzi vitatu, kila kimoja na mtenda wake. Februari na Machi 1966, Obote alijitwalia madaraka ya Rais. Mei 1966, jeshi lilishambulia Lubiri. Septemba 1967, Bunge lilifuta falme. Mtu akitaka baada ya hapo kuyajumlisha yote kwa jina la mapinduzi, hatutamkatia alama, mradi aseme ni ya nani. Na kwa swali la mwanafunzi wa Lira kuhusu Okello, jibu letu ni kwamba mpiga mbiu si lazima awe mwenye ngoma. Unguja palikuwa na watu wa visiwani wengi waliofuata, na wengi waliofuatwa. Maneno mawili ya Wazanzibari yanatokana na vitenzi viwili vyenye watendwa tofauti.

Kufuta nako, tumegundua, si kitenzi cha kudumu. Mwaka 1993 sheria ya kurudisha mali za watawala wa jadi ilipitishwa, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa Naggalabi, Buddo. Falme za Bunyoro na Toro nazo zikarudi. Ankole haikurudi. Kabaka wa sasa hana jeshi, hakusanyi kodi ya lazima na haruhusiwi kushiriki siasa za vyama. Hata hivyo, alipozuiwa kwenda Kayunga Septemba 2009, Kampala iliwaka siku kadhaa na watu wakauawa. Mwalimu wa lugha anayedhani jambo hili limekwisha aangalie tarehe hiyo.

Mwisho wa muhula tuliwapeleka wanafunzi Mengo. Tulianzia Bulange, tukatembea kwa miguu barabara ya Kabaka Njagala hadi kwenye lango la Wankaaki, mwendo wa kama maili moja. Katikati ya barabara ile kuna mzunguko uitwao Nnantawetwa. Magari yote huuzunguka, lakini katikati yake kuna njia iliyonyooka yenye mageti, na ni Kabaka peke yake anayepita hapo. Tukawauliza wanafunzi wasiojua Luganda wakisie maana ya jina. Mwanafunzi wa Masaka akawaeleza: okuweta ni kupinda, kwa hiyo ni yule asiyepindishwa njia. Mwanafunzi wa Hoima akasema hapo sasa pana somo la mnyambuliko, pinda, pindisha, pindua, na wote wakacheka, akiwemo yule wa Lira.

Ndani ya Lubiri tuliona mahandaki ya enzi za Amin, yaliyojengwa kuhifadhia silaha yakaishia kuwa jela ya mateso. Huko hakuna aliyecheka. Tulipotoka tuliwapa zoezi lile lile la mwanzo: sentensi moja ya Kiswahili kuhusu mwaka 1966. Yule wa Masaka na yule wa Lira waliomba kuandika pamoja. Waliandika, wakafuta, wakaandika tena, na karatasi waliyotukabidhi ilikuwa na maneno haya: "Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali ya Obote, wakiongozwa na Amin, waliushambulia Lubiri, na Kabaka Mutesa akakimbia." Tulisahihisha upatanisho wa Lubiri, ambao hata sisi walimu hatujakubaliana kama ni ngeli ya ikulu au ya ukuta, tukawapa alama zote.